Fundi alivunja saa, si mlango: maneno machache juu ya ile video ya bitcoin zilizopotea



Leo sitaandika juu ya kitabu. Nitaandika juu ya video, tena haiko mupya: ilitoka mwezi wa 5, mwaka 2024. Lakini katika magrupe yetu ya WhatsApp inazunguka hadi leo, na kila mara mtu anaitupa pale na neno moja tu: "Inawezekana!" Hilo neno njo linanifanya niandike. Juu mudogo wangu aliliamini, na hapa chini nitawaambia lilimfikisha wapi.

Kwa wale ambao hawakuiona, niisimulie kwanza.

Video ni ya Joe Grand, Mmarekani wa Portland, mhandisi wa vifaa vya elektroniki. Si mtu wa jana. Katika miaka ya 1990 alikuwa katika kikundi cha L0pht, na mwaka 1998 yeye na wenzake walikaa mbele ya Seneti ya Marekani kueleza namna mitandao ya kompyuta ilivyokuwa dhaifu. Mwanzoni mwa 2022 alijulikana kwa video nyingine, ambamo alifungua kifaa kidogo cha kuwekea pesa za mtandao, Trezor, ambacho wenyewe walisahau kode yake. Kile kifaa kinajifuta chenyewe ukikosea mara 16, na wenyewe walikuwa wamekwisha kukosea mara 12. Grand alichezea umeme wa chipu hadi ikatoa kode. Dola milioni 2 zikarudi.

Ile ya 2024 iko na habari tofauti. Mtu mmoja anayekaa Ulaya, anayeitwa Michael tu juu hataki ajulikane, alikuwa na bitcoin 43.6 mu pochi ya kompyuta. Mwaka 2013 alitengeneza neno la siri la herufi 20 kwa programu ya RoboForm. Hakuliacha ndani ya RoboForm. Aliogopa kwamba mtu akiingia mu kompyuta yake atalibeba. Aliliweka mu faili lililofungwa kwa programu nyingine, TrueCrypt. Siku moja lile faili likaharibika. Basi, ikaisha hapo. Bitcoin ziko, kila mtu anaziona mu daftari kubwa la bitcoin, lakini mwenyewe hawezi kugusa hata moja. Mwanzoni zilikuwa na thamani ya euro 4,000 hivi. Video ilipotoka, zilikuwa zimefika dola milioni 3.

Mwaka 2022 Michael alimwandikia Grand, na Grand akakataa. Mwaka uliofuata akarudi kumwomba tena, na safari hii Grand akakubali, akafanya kazi na rafiki yake Bruno wa Ujerumani. Wawili hao walifungua matoleo ya zamani ya RoboForm na wakakuta kitu cha ajabu: maneno ya siri ambayo ile programu ilisema inayatengeneza kwa bahati nasibu, hayakuwa ya bahati nasibu hata kidogo. Yalifuata tarehe na saa ya kompyuta. Ukiijua saa, na ukijua mtu alichagua herufi ngapi na za aina gani, unairudisha nyuma saa ya kompyuta, unabonyeza, na neno linatoka lile lile.

Lakini Michael hakukumbuka siku. Wakajaribu kuanzia tarehe 1 mwezi wa 3 hadi tarehe 20 mwezi wa 4, 2013. Hapana kitu. Wakasogea hadi tarehe 1 mwezi wa 6. Hapana kitu. Walimuuliza maswali hadi akachoka nao. Mwisho akatafuta maneno mengine ya siri aliyotengeneza mwaka ule, na wakaona mawili kati yake hayana alama za pekee, zile nyota na alama za mshangao. Wakaziondoa katika hesabu yao, na neno likatoka. Lilitengenezwa tarehe 15 mwezi wa 5, 2013, saa 10 na dakika 10 na sekunde 40 za alasiri, saa za Greenwich.

Haya. Sasa tuikosoe.

Kwanza nitoe haki yake. Kama kazi ya kufundisha, iko nzuri. Sisi tuliosoma hesabu ya bahati nasibu kwenye ubao tu, bila kompyuta hata moja mu auditoire, hapa tunaona kwa macho tofauti kati ya kitu ambacho hakitabiriki na kitu kinachoonekana tu kama hakitabiriki. Ni somo la muhula mzima. Tena Grand haonyeshi ushindi peke yake. Anaonyesha na kushindwa. Hakuficha kwamba jaribio la kwanza liliangusha, na la pili likaangusha. Katika TFC zetu, ni nani kati yetu anaandika sura ya yale yaliyokataa? Tunaandika kama vile kila kitu kilienda sawa tangu siku ya kwanza. Kwa hilo tu, ningekuwa profesa, ningempa 14 juu ya 20. Distinction.

Juu ya nini si 16 basi? Kwa sababu tatu.

Ya kwanza iko katika kichwa chenyewe cha video. Kinasema kwamba jamaa alivunja saa akarudisha dola milioni 3. Ukisikia hivyo unawaza nguvu: mtu mwenye akili kupita wote alisukuma mlango wa bitcoin, mlango ukafunguka. Sivyo ilivyokuwa. Mlango wa bitcoin haukuguswa, na hadi leo uko palepale. Kilichovunjika ni kufuli mbovu la kampuni nyingine. Ni kama zile kufuli za bei ya chini sokoni: unanunua tano, unakuta ufunguo wa moja unafungua zote. Fundi akikufungulia hiyo, msifu, lakini usiende kutangaza kwamba anafungua kila nyumba ya mji. RoboForm wenyewe walirekebisha lile kosa mwaka 2015. Michael angetengeneza neno lake miaka mitatu baadaye, kwa programu ile ile, njia hii ya Grand isingemsaidia kitu. Alipona kwa sababu chombo alichokiamini kilikuwa kibovu. Kwa maoni yangu, hiyo njo habari kubwa ya ile video, na njo ingestahili kuwa kichwa chake.

Ya pili: kamera inafuata aliyepata. Aliyekosa hana video, ao iko nayo lakini hatuitumiane. James Howells wa Newport, kule Wales, diski yake yenye bitcoin karibu 8,000 ilitupwa kwa takataka mwaka 2013. Zaidi ya miaka 10 aliomba manispaa wamuache achimbue jalala, hadi akawapeleka tribinali. Mwezi wa 1, 2025, juji akaitupa kesi yake. Stefan Thomas, mwanaprogramu, iko na bitcoin 7,002 mu kifaa cha IronKey kinachomruhusu kukosea mara 10 tu. Nane zimeenda. Karatasi iliyokuwa na neno la siri ilipotea. Na hao ni watu wakubwa, wenye mawakili na wahandisi. Mwaka 2017 kampuni ya Chainalysis ilikadiria kwamba bitcoin kati ya milioni 2.78 na milioni 3.79 zimepotea moja kwa moja, na zote zitakazokuwako duniani hazitapita milioni 21. Weka hiyo hesabu kando ya 43.6 za Michael, halafu uniambie "inawezekana" inabakia na uzito gani.

Ya tatu inatugusa sisi zaidi. Baada ya kupata pesa zake, Michael alieleza kwamba alipoteza neno la siri kwa bahati njema, juu angelikuwa nalo angeuza mapema, bei ikiwa chini. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Kwa mtu ambaye anaweza kuishi miaka 10 bila kugusa pesa yake, kusahau ni kama kuweka akiba. Kwa mwanafunzi wa Bukavu mwenye minervali ya kulipa kabla ya sesheni, kusahau ni kukosa mtihani. Tunaangalia video moja, lakini hatuko katika maisha mamoja.

Sasa nije kwa mudogo wangu.

Iko mwaka wa tatu. Alikuwa anafanya kazi ndogondogo za kuandika maneno ya rekodi kwa watu wa ng'ambo, na walikuwa wanamlipa USDT. Pole pole alifikisha dola 310, zote mu pochi ya simu. Alipofungua ile pochi ilimpa maneno 12 na ikamwambia ayaandike kwenye karatasi. Alianza kuandika nyuma ya kaye ya statistiki. Alipofika neno la saba umeme ukakatika, akawaza atamalizia kesho. Kabla ya kulala akapiga kapture ya maneno yote 12, ikabakia mu simu ile ile.

Mnamjua mwisho. Simu ilinyakuliwa Kadutu, siku ya soko, mchana kweupe.

Siku tatu akakaa kimya. Ya nne, ile video ikapita mu grupe la promo yao. Wiki hiyo hiyo akapata mtu kwenye Telegram anayejiita mtaalamu wa kurudisha pesa. Yule mtu aliomba yale maneno 7 na dola 40 za kuanza kazi. Baada ya siku mbili akatuma picha ya ekra nyeusi yenye maandishi ya kijani na namba: asilimia 68. Ili afikishe 100, kulibakia taksi ya dola 75. Hapo njo mudogo alikuja kwangu.

"Yaya, unikopeshe 75. Tukiachia hapa, byote bitapotea."

"Nani alikuambia kama iko asilimia 68?"

"Si alinitumia picha? Na wewe mwenyewe uliona ile video. Bazungu banafungua."

Nilikataa, lakini sikumueleza vizuri. Nilimwambia tu "ule ni mwizi", kwa ukali, kama yaya anavyosema. Hiyo ni kosa yangu na ninaikubali. Mtu mwenye kupoteza hahitaji ukali, anahitaji hesabu. Alienda kwa mama mukubwa, akamdanganya kama ni syllabus za kununua, akapata zile 75. Zilipotumwa, yule mtaalamu akanyamaza. Jumla: 310 za mwizi wa soko, 115 za mwizi wa Telegram. Na deni kwa mama mukubwa, ambalo hadi leo analipa kidogo kidogo.

Hesabu ambayo ningemueleza siku ile, ninaiandika hapa, labda itamfikia mwingine kwa wakati.

Yale maneno 12 yanatoka katika orodha ya maneno 2,048, na kila mtu duniani anaweza kuisoma. Mpangilio wa maneno uko na ukaguzi ndani yake: kati ya mipangilio 16, mmoja tu ndio unakubaliwa. Kwa hiyo, kama umepoteza neno moja na unajua nafasi yake, kuna majaribio 2,048, na 128 tu ndiyo yanapita ukaguzi. Hiyo unaifanya nyumbani, bila kulipa mtu. Ukipoteza maneno mawili, yanayobakia ni 262,144. Tuseme kompyuta yako inajaribu 10,000 kwa sekunde: ni nusu dakika. Maneno matatu: saa 15. Manne: miaka mitatu na nusu. Matano, kama ya mudogo wangu: zaidi ya miaka 7,000.

Ona ngazi inavyopanda. Kutoka neno la tatu hadi la tano unatoka usiku mmoja kuingia miaka 7,000. Njo maana hakuna asilimia 68. Kazi ya namna hii haina katikati: ao umefungua ao haujafungua. Mtu akikuonyesha asilimia inayopanda kama mega zinazoshuka mu simu, anakuchorea picha.

Kuna na habari njema kwa wengine. Kama maneno yote 12 uko nayo lakini mpangilio ulichanganyika, mipangilio ni 479,001,600, na inayopita ukaguzi ni kama milioni 30. Kompyuta ya kawaida inaimaliza. Kama pesa zilikuwa kwa kampuni ya kubadilishia pesa, si mu pochi yako mwenyewe, unarudisha akaunti kwa baruapepe na kitambulisho, na unaandikia kampuni yenyewe, hauhitaji mtu wa katikati. Na kama faili la pochi liko mu kompyuta ya zamani iliyokufa, usiiuze kwa wale wa vyuma: diski yake inaweza kuwa bado nzima. Michael mwenyewe, ukiangalia vizuri, hakupoteza pochi. Faili la pochi alikuwa nalo miaka yote ile. Alipoteza neno la siri tu, na alibakia na maneno mengine ya siri ya mwaka ule ule ya kulinganisha. Kila aliyerudisha alikuwa na kipande mkononi. Mwenye mikono mitupu hapana fundi wa kumsaidia, hata awe Grand mwenyewe.

Niseme na kitu kimoja ambacho ninawaza ni mzizi wa hii yote. Sisi tulijifunza pesa ya simu kwa M-Pesa na Airtel Money. Mule, ukipoteza simu, unabeba kadi yako ya uchaguzi, unaenda biro, unapanga foleni, wanakupa SIM nyingine na pesa yako unaikuta. Hiyo imetufundisha kwamba nyuma ya kila pesa kuna biro, na mu biro kuna mtu ambaye ukimuomba vizuri atafungua. Bitcoin ilitengenezwa kusudi ile biro isikuweko. Watu wanaisifia kwa hilo, kwamba hakuna wa kukuzuia, na ni kweli. Lakini hakuna wa kukuzuia maana yake ni kwamba hakuna wa kukuonea huruma. Kipindi benki zilifungwa kwetu huku mashariki, wengi waliona faida ya upande wa kwanza. Mudogo wangu aliona upande wa pili.

Hapo njo ile video inatukosea, hata kama mwenyewe hakutaka. Kwa macho yetu yaliyozoea biro, Joe Grand anaonekana kama afisa wa ile biro ambayo tulikuwa tunaitafuta. Ana meza, ana vyombo, anaongea kwa utulivu. Tunasahau kwamba alikataa mara ya kwanza. Mimi ningependa dakika zile za kukataa ziwe ndefu kuliko zote: ni watu wangapi wanamuandikia, anawajibu nini, na anajuaje kwamba huyu asaidiwe na yule hapana. Filamu ya hivyo haingepata watazamaji mamilioni. Lakini mwanafunzi mmoja wa Bukavu angeiona, angebakia na dola 115 zake.

Kwa hiyo siwaambii muache kuiangalia. Muiangalie, ni somo zuri la mantiki. Mukiituma mu grupe, muongeze mstari mmoja chini yake: kilichofunguka ni kosa la programu ya 2013. Na usiku huu, kabla ya kulala, wewe mwenye pochi mu simu chukua karatasi, uandike maneno yote 12, hata kama umeme umekatika. Washa mshumaa umalizie. Karatasi ikae mbali na simu, mahali ambapo hata mama anajua bila kujua ni nini. Kapture ifute.

Mudogo amesoma haya kabla sijayatuma, na alikubali niyaandike bila jina lake. Aliniomba kitu kimoja tu niongeze: kwamba yule wa Telegram bado anamuandikia mara kwa mara. Siku hizi amefika asilimia 94.

Na wewe, kama yalikupata, umerudisha ao umepoteza? Ulibakia na kipande gani mkononi? Utuandikie, tufanye hesabu pamoja.